Mgogoro wa mali ya kanisa kati ya Waanglikana wa Marekani

Mgogoro wa mali ya kanisa kati ya Waanglikana wa Marekani ni mfululizo wa mabishano na kesi za mahakamani kati ya Kanisa la Kiepiskopali la Marekani na parokia na dayosisi zilizojitenga nalo tangu mwaka 2000. Mafarakano yenyewe yalihusu imani na maadili, hasa suala la mapenzi ya jinsia moja na mamlaka ya Biblia. Lakini mahakamani swali lilikuwa lingine: waumini wakipiga kura kuhama kanisa lao, je, jengo wanamosali, makaburi, nyumba ya kasisi na fedha zilizopo benki ni mali ya nani?

Makanisa ya Kianglikana ya Uganda, Kenya na Rwanda yalihusika moja kwa moja, kwa kuwa maaskofu wake walizipokea parokia za Marekani chini ya uangalizi wao. Kwa upande wa Tanzania, mkutano uliojaribu kusimamisha kesi hizo ulifanyika Dar es Salaam mwezi Februari 2007.

Mgogoro huo ulikwenda sambamba na kupungua kwa idadi ya waumini. Katika majimbo mengi Kanisa la Kiepiskopali lilirudishiwa majengo, lakini watu waliokuwa wakisali humo kwa kawaida hawakurudi pamoja nayo.

## Asili ya mafarakano

Kanisa la Kiepiskopali lilianzishwa na Waanglikana wa Marekani baada ya nchi hiyo kujitenga na Uingereza katika karne ya 18. Ni sehemu ya Ushirika wa Kianglikana duniani, kama lilivyo Kanisa Anglikana Tanzania.

Tangu miaka ya 1970 baadhi ya waumini hawakuridhika na mabadiliko yaliyofanyika ndani ya kanisa hilo, yakiwemo kitabu kipya cha sala na upadrisho wa wanawake. Vikundi vidogo viliondoka wakati huo. Mpasuko mkubwa zaidi ulifuata mwaka 2003, pale Gene Robinson, kasisi aliyeishi waziwazi na mwenzi wa jinsia yake, alipochaguliwa kuwa askofu wa New Hampshire. Aliwekwa wakfu tarehe 2 Novemba 2003.

Kabla ya hapo, mnamo Januari 2000, Askofu Mkuu Emmanuel Kolini wa Rwanda na Askofu Mkuu Moses Tay wa Asia ya Kusini-Mashariki walikuwa wamewaweka wakfu Wamarekani wawili, Chuck Murphy na John Rodgers, huko Singapore. Wawili hao walirudi Marekani kama maaskofu wamisionari wa makanisa ya nje. Hivyo ndivyo parokia za Marekani zilivyoanza kuwa chini ya askofu mkuu aliyekaa Kigali.

## Kanuni na sheria

Nchini Marekani serikali hairuhusiwi kuamua mambo ya imani. Kwa hiyo majaji hawawezi kusema ni kundi lipi linalofuata mafundisho sahihi ya Kianglikana. Zimebaki njia mbili za kuamua kesi za mali:

* Kuheshimu ngazi za kanisa. Kama kanisa lina ngazi za mamlaka, kama vile parokia, dayosisi na mkutano mkuu, mahakama hukubali uamuzi wa ngazi ya juu.
* Kufuata sheria za kawaida za mali. Mahakama husoma hati ya kiwanja, katiba ya parokia, kanuni za kanisa na sheria za jimbo, kama ambavyo ingefanya kwa chama chochote.

Mwaka 1979 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya Jones dhidi ya Wolf, iliyohusu parokia ya Kipresbiteri huko Georgia. Iliruhusu majimbo kutumia njia ya pili. Pia ilieleza kwamba kanisa likitaka mali zake zibaki kwake wakati wa mafarakano, linaweza kuandika hivyo mapema katika kanuni zake.

Mwaka huohuo Kanisa la Kiepiskopali lilipitisha kanuni inayosema kwamba mali yote ya parokia hushikwa kwa amana kwa ajili ya dayosisi na kanisa zima. Inajulikana kama "Kanuni ya Dennis", kutokana na jina la Walter Dennis, kasisi aliyeiandaa, ambaye baadaye alikuwa askofu msaidizi wa New York. Kwa mujibu wa kanuni hiyo parokia hutumia jengo lake kwa uhuru maadamu imo ndani ya kanisa. Ikiondoka, haiondoki na jengo.

Waliojitenga walikuwa na hoja tatu. Kwanza, hati nyingi za viwanja ziliandikwa kwa jina la wadhamini wa parokia, si la dayosisi. Pili, majengo yalijengwa na kutunzwa kwa sadaka za waumini wa mahali. Tatu, kwa kawaida amana huwekwa na mwenye mali, si na yule anayenufaika nayo. Kanisa la Kiepiskopali lilijibu kwamba sadaka hizo zilitolewa kwa vizazi vingi kwa ajili ya kanisa hilohilo, na kwamba kizazi kimoja hakina haki ya kuhamisha kwa kura mali iliyoachwa na waliotangulia.

## Nafasi ya Afrika Mashariki

Mnamo Agosti 2004 parokia tatu za eneo la Los Angeles, ikiwemo Mtakatifu Yakobo ya Newport Beach, zilijiondoa na kujiweka chini ya Dayosisi ya Luweero nchini Uganda. Parokia nyingine zilifuata njia hiyo na kujiunga na dayosisi mbalimbali za Uganda na Kenya.

Mwaka 2007 makanisa hayo mawili yaliamua kuweka maaskofu maalumu kwa ajili ya Wamarekani hao. Tarehe 30 Agosti Askofu Mkuu Benjamin Nzimbi wa Kenya aliwaweka wakfu Bill Atwood na William Murdoch katika Kanisa Kuu la Watakatifu Wote, Nairobi. Siku tatu baadaye Askofu Mkuu Henry Luke Orombi wa Uganda alimweka wakfu John Guernsey mjini Mbarara.

Maaskofu wa Afrika Mashariki walisema wanawahudumia waumini walioachwa bila mchungaji. Viongozi wa Kanisa la Kiepiskopali walilalamika kwamba hatua hiyo inavunja desturi ya zamani kwamba askofu asiingie katika dayosisi ya mwenzake bila ruhusa. Kwa upande wa mali, uangalizi wa Kampala au Nairobi haukuwa na nguvu ya kisheria: askofu wa Uganda aliweza kumpa kasisi leseni, lakini hakuweza kuipa parokia hati ya kiwanja cha California.

Uhusiano huo wa mbali haukudumu. Kundi lililokuwa chini ya Rwanda lilifarakana na Kigali mwishoni mwa mwaka 2011, ambapo Murphy na wenzake walijiuzulu. Makundi ya Kenya na Uganda yalikabidhiwa kwa kanisa jipya lililoundwa Marekani mwaka 2009.

### Msimamo wa Tanzania

Mnamo Desemba 2006 maaskofu wa Kanisa Anglikana Tanzania walitamka kwamba ushirika wao na Kanisa la Kiepiskopali umeharibika vibaya. Walisema pia kwamba hawatapokea kwa kujua misaada kutoka kwa dayosisi, parokia au watu wanaounga mkono mapenzi ya jinsia moja.

Utekelezaji wake haukuwa sawa kila mahali. Dayosisi ya Central Tanganyika, yenye makao Dodoma, chini ya Askofu Mdimi Mhogolo, iliendelea na ushirikiano wake na Wamarekani, ukiwemo mpango wa kuwasaidia yatima pamoja na Dayosisi ya New York.

## Mkutano wa Dar es Salaam, 2007

Maaskofu wakuu wa Ushirika wa Kianglikana walikutana karibu na Dar es Salaam tarehe 15 hadi 19 Februari 2007. Mwenyekiti alikuwa Rowan Williams, Askofu Mkuu wa Canterbury, na mwenyeji alikuwa Donald Mtetemela, Askofu Mkuu wa Tanzania. Kanisa la Kiepiskopali liliwakilishwa na Katharine Jefferts Schori, mwanamke wa kwanza kuongoza kanisa la kitaifa katika Ushirika huo. Maaskofu wakuu saba walikataa kushiriki Meza ya Bwana pamoja naye.

Jumapili ya tarehe 18 wajumbe walivuka kwenda Zanzibar kusali katika kanisa kuu la Mkunazini, lililojengwa mahali palipokuwa na soko la watumwa. Ibada hiyo iliadhimisha miaka 200 tangu Uingereza ilipopiga marufuku biashara ya watumwa.

Tamko la mwisho liliwataka maaskofu wa Marekani watoe ahadi za wazi kuhusu baraka za wapenzi wa jinsia moja na uteuzi wa maaskofu kabla ya tarehe 30 Septemba 2007. Kuhusu mali, pande zote ziliombwa kusimamisha kesi. Ziliombwa pia kuahidi mambo mawili kwa pamoja: waliojitenga wasihamishe mali bila idhini ya Kanisa la Kiepiskopali, na kanisa hilo lisiwanyime matumizi ya majengo hayo.

Pendekezo hilo halikutekelezwa. Mnamo Machi 2007 maaskofu wa Marekani walilikataa baraza la uangalizi lililopendekezwa, wakisema lingekiuka katiba ya kanisa lao. Kesi ziliendelea.

## Kesi kuu

### California

Tarehe 5 Januari 2009 Mahakama ya Juu ya California iliamua kwamba Kanuni ya Dennis inaifunga parokia ya Newport Beach, ingawa hati ya kiwanja ilikuwa kwa jina la parokia. Waumini waliojiunga na Luweero waliliacha jengo mwaka 2013.

Kundi dogo la Waepiskopali lilianza kusali humo. Hata hivyo, mwaka 2015 askofu wa Los Angeles, Jon Bruno, alitaka kuuza kiwanja hicho kwa wajenzi wa nyumba kwa dola milioni 15, akawafungia nje waumini hao. Mauzo hayakukamilika. Mwaka 2017 jopo la nidhamu la kanisa lilimwona na hatia na kuamua asimamishwe huduma kwa miaka 3. Waumini walirudi katika jengo hilo mwaka 2018.

### Virginia

Mnamo Desemba 2006 parokia kadhaa kubwa, zikiwemo The Falls Church na Truro, zilipiga kura kujiunga na kundi lililokuwa chini ya Kanisa la Nigeria. Zilitegemea sheria ya jimbo ya mwaka 1867, iliyotungwa baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, ambayo iliruhusu waumini wengi kuamua umiliki wa jengo pale kanisa linapogawanyika.

Zilishinda mwaka 2008. Mwaka 2010 Mahakama ya Juu ya Virginia ilitengua hukumu hiyo, na Januari 2012 dayosisi ilishinda kesi iliyosikilizwa upya. Waumini wa The Falls Church, ambayo historia yake ilianza mwaka 1732, waliondoka mwezi Mei 2012. Rufaa yao ilikwisha mwaka 2014, Mahakama ya Juu ya Marekani ilipokataa kuisikiliza. Walisali katika kumbi za kuazima kwa miaka 7 mpaka walipofungua kanisa jipya mwaka 2019.

### Carolina Kusini

Mwaka 2009 Mahakama ya Juu ya jimbo iliipa ushindi parokia ya Pawleys Island, iliyokuwa na uhusiano na Rwanda, kwa sababu dayosisi yenyewe ilikuwa imeiandikia hati ya kuachia haki zake mwaka 1903. Sehemu kubwa ya dayosisi nzima ilijitenga mwaka 2012. Baada ya kesi ya miaka kumi hivi, mwaka 2022 mahakama iliamua kwa kila parokia peke yake: zilizokuwa zimeikubali Kanuni ya Dennis kwa maandishi ya wazi zilipoteza majengo, na nyingine zilibaki nayo.

### Texas na Illinois

Huko Fort Worth na Quincy dayosisi zenyewe zilipiga kura kuondoka mwaka 2008, na zilishinda. Mahakama ya Juu ya Texas iliamua hivyo mwezi Mei 2020, na Februari 2021 Mahakama ya Juu ya Marekani ilikataa kusikiliza rufaa. Safari hii waliohama majengo walikuwa Waepiskopali.

Hivyo matokeo yalitofautiana kutoka jimbo hadi jimbo. Hati mbili zilizofanana ziliweza kuwa na hukumu mbili tofauti kwa sababu ya mpaka wa jimbo.

## Makubaliano nje ya mahakama

Baadhi ya parokia zilipatana na dayosisi. Parokia ya Watakatifu Wote ya Dale City, Virginia, aliyoiongoza John Guernsey kabla ya kuwa askofu, ilikubali kuiachia dayosisi jengo lake. Nayo dayosisi iliipangisha jengo hilo kwa dola 1 kwa mwaka wakati ikijenga lingine. Truro nayo ilipatana na dayosisi mwaka 2012 baada ya kushindwa mahakamani.

Makubaliano ya aina hiyo hayakupatikana kila mahali. Wakati wa uongozi wa Jefferts Schori (2006-2015) msimamo wa kanisa ulikuwa kwamba majengo yasiuzwe kwa kundi linaloshindana nalo. Mfano uliotajwa sana ni wa kanisa la Mchungaji Mwema mjini Binghamton, New York. Waumini walifukuzwa kwa amri ya mahakama mwaka 2009, na mwaka uliofuata jengo liliuzwa kwa kituo cha Kiislamu kwa dola 50,000. Waumini wa awali walisema wao walikuwa tayari kulipa zaidi.

## Kupungua kwa waumini

Kanisa la Kiepiskopali lilikuwa na waumini zaidi ya milioni 3.4 katikati ya miaka ya 1960. Nchini Marekani kwenyewe walikuwa karibu milioni 2.3 mwaka 2003, chini ya milioni 2 mwaka 2010, na karibu milioni 1.6 mwaka 2020. Wastani wa mahudhurio ya Jumapili ulishuka kutoka karibu 823,000 mwaka 2003 hadi karibu 547,000 mwaka 2019, na karibu 373,000 mwaka 2022, baada ya janga la UVIKO-19.

Mafarakano hayaelezi upungufu wote. Kanisa la Kianglikana la Amerika Kaskazini, lililoundwa na waliojitenga huko Bedford, Texas, mwezi Juni 2009, lilianza likitaja waumini wapatao 100,000 na lilikuwa na karibu 128,000 mwaka 2023. Idadi hiyo ni ndogo kuliko ile iliyopotea. Sababu nyingine ni umri mkubwa wa waumini, uzazi mdogo, vijana kuacha dini, na watu kuhamia makanisa ya kiinjili. Walutheri na Wapresbiteri wa Marekani wamepungua vilevile.

Hata hivyo, mafarakano yaliharakisha upungufu katika maeneo yaliyogawanyika. Waepiskopali waliobaki Quincy walijiunga na Dayosisi ya Chicago mwaka 2013, na wale wa Fort Worth walijiunga na Dayosisi ya Texas mwaka 2022. Mahali ambapo kanisa lilirudishiwa jengo, mara nyingi waumini wachache walibaki na gharama za paa, joto na bima ya jengo lililokusudiwa mamia.

Hali ya Tanzania katika miaka hiyohiyo ilikuwa kinyume. Kanisa Anglikana liliendelea kugawa dayosisi zake kwa sababu ya ukuaji: kwa mfano, Dayosisi ya Ziwa Rukwa, yenye makao Mpanda mkoani Katavi, ilianzishwa mwaka 2010.

## Mafunzo kuhusu umiliki

Kanisa la Kianglikana la Amerika Kaskazini liliandika katika katiba yake kwamba mali ya parokia ni ya parokia, na kwamba kanisa la ngazi ya juu halina madai ya amana juu yake. Wamethodisti wa Marekani walichukua njia nyingine: mwaka 2019 waliweka utaratibu wa muda ulioruhusu parokia kuondoka na majengo yake baada ya kulipa kiasi kilichopangwa. Kufikia mwisho wa mwaka 2023 parokia zaidi ya 7,000 ziliutumia. Utaratibu huo ulipunguza kesi, ingawa haukuzuia watu kuondoka.

Nchini Tanzania ardhi yote ni ya umma chini ya udhamini wa Rais, na kanisa hupewa haki ya kuitumia. Kwa kawaida taasisi za dini hushika mali zao kupitia wadhamini waliosajiliwa kwa sheria ya muunganisho wa wadhamini (Sura 318), inayosimamiwa na RITA. Kwa hiyo swali la kwanza katika mgogoro wowote huwa ni hati iko kwa jina la nani na katiba ya kanisa inasema nini.

## Hali ya sasa

Kesi nyingi zimekwisha, lakini mafarakano ya Waanglikana yanaendelea. Mnamo Februari 2023 Sinodi Kuu ya Kanisa la Uingereza iliunga mkono sala za baraka kwa wapenzi wa jinsia moja. Mwezi huohuo maaskofu wakuu kadhaa wa nchi za Kusini, pamoja na Uganda, walitamka kwamba hawamtambui tena Askofu Mkuu wa Canterbury kama kiongozi wa Ushirika mzima.